Upinde Uliopakwa Sabuni

Marehemu mume wangu, Sadrudin, alipiga fidla mbele ya Waingereza mara moja tu maishani mwake, na Waingereza wenyewe walikuwa wamemwomba, kwa adabu zote, asisikike. Naandika habari hiyo kwa sababu waliokuwepo wanapungua, na binti yetu Zarina nikimsimulia kwa mdomo hunijibu kwa Kiingereza kwamba hiyo ameshaisikia.

Ilikuwa mwaka 1973, Wembley. Mimi na Sadru tulizaliwa Unguja. Baada ya Mapinduzi tulihamia Kampala, kwa ajili ya usalama. Tukakaa salama salimini mpaka mkubwa wa nchi alipotangaza kwenye redio kwamba Wahindi tumepewa miezi mitatu tuondoke. Pasipoti zetu zilikuwa za Kiingereza, kwa hiyo tukaja Uingereza, ambako maofisa walizikagua pasipoti zao wenyewe kama kwamba ni sisi tuliozichapa jikoni.

Njiani kwenda Entebbe askari walichukua saa ya Sadru, bangili zangu na blanketi la mtoto. Fidla waliifungua, wakaitikisa kuona kama ina dhahabu ndani, wakairudisha. Tangu siku hiyo Sadru alikuwa akisema kwamba muziki ndiyo mali pekee ambayo mwizi hana haja nayo.

Kule Unguja alikuwa kijana wa safu ya pili katika kilabu cha taarabu. Si nyota, wala simpambi kwa kuwa ametangulia. Kulikuwa na wazee watatu waliompita kwa mbali, naye alijua. Lakini alikuwa na kiti chake, na mwimbaji alipovuta pumzi, fidla ya Sadru ilikuwa miongoni mwa zile zilizojaza nafasi ile. London walimpa kazi ya kupanga biskuti kwenye makopo. Vidole vilevile. Fidla ikakaa juu ya kabati, na kila Jumapili aliishusha, akaifuta vumbi, akairudisha bila kupiga, kwa kuwa jirani wa chini alikuwa hodari wa kugonga dari kwa mpini wa fagio. Hakuwa akinung'unika. Alitaka jambo moja tu, na alinieleza mara moja tukila: kukaa tena kwenye kiti cha mpigaji na kusikika kabla vidole havijasahau.

Sasa, kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, ilikuwa imeona kwamba sisi wageni tunahitaji msaada. Na kweli tulihitaji: makoti, nyumba isiyoota ukungu, na mtu wa kutufahamisha mita ya gesi inavyokula sarafu. Kaunsili ikatafakari, ikatuletea mihadhara ya bure kila Alhamisi jioni, katika ukumbi ulio nyuma ya maktaba, juu ya chimbuko la opera ya Kifaransa.

Mhadhiri alikuwa Bwana Pettifer, mwalimu wa muziki aliyestaafu, mrefu, mwenye shingo nyembamba na skafu ambayo hakuivua hata ndani. Nilikuja kuambiwa kwamba alikuwa ameuomba ukumbi ule kwa miaka, kwa sababu mwaka ule opera ya Kifaransa ilitimiza karne tatu, na hakuna mtu Wembley aliyekuwa ameonesha dalili ya kujali. Kaunsili nayo ilikuwa na fungu la fedha za wageni na haikujua ilifanyie nini. Basi wakasaidiana.

Tuliujaza ukumbi. Ulikuwa na hita mbili kubwa na birika la chai lisilokwisha, na ghafla katika nyumba zetu ikazuka kiu kali ya opera. Watu walikuja na watoto, na soksi za kukausha. Bi Ummukulthum, Mzanzibari mwenzetu aliyefika London miaka mingi kabla yetu na aliyekuwa akifanya usafi hospitalini, alikaa safu ya mbele akifuma sweta, akimwita Bwana Pettifer "Mwalimu" na kumwambia ale vizuri. Avtar, Singasinga wa Nairobi aliyekuwa akikata tiketi kwenye basi, alikaa karibu na hita akiuliza maswali.

Na mihadhara yenyewe, kusema haki, ilikuwa mizuri. Opera, alitueleza Bwana Pettifer, ni mchezo wa jukwaani ambao watu hawasemi bali wanaimba tangu mwanzo hadi mwisho, hata wanapokufa. Hasa wanapokufa. Waliouanza ni Wataliano. Wafaransa hawakuwa nao. Wao walikuwa na dansi zao za ikulu, na waliridhika. Kisha Ufaransa ikawa na mfalme mtoto, na nchi ikaendeshwa na kardinali mmoja mzaliwa wa Italia, jina lake Mazarin, naye akaagiza opera kutoka kwao kama mtu anayeagiza achari. Wakaja waimbaji, wakaja na mafundi wa mitambo ya kuwarusha miungu hewani kwa kamba. Watu wa Paris walitazama miungu ikiruka, wakapiga makofi, kisha wakaenda nyumbani kulalamika: ni ndefu mno, ni ghali mno, hatuelewi neno, na hawa Wataliano wamekuwa wengi.

Avtar akanigeukia. "Bhabhi," alininong'oneza, yaani shemeji, "hiyo ya mwisho niliisikia leo kwenye basi."

Alhamisi iliyofuata tukaletewa shujaa wetu. Alikuwa mtoto wa msaga unga wa Florensi, huko Italia, jina lake Lulli, aliyepelekwa Paris akiwa kijana mdogo ili binti mmoja wa ukoo wa kifalme apate mtu wa kuzungumza naye Kitaliano. Kijana akajifunza fidla na dansi, akacheza dansi na mfalme mwenyewe, akapewa karatasi za uraia, akalinyoosha jina likae Kifaransa, Lully, na tangu hapo hapakuwa na Mfaransa kumshinda. Inasemekana alikuwa akiapa kwamba lugha ya Kifaransa haifai kuimbiwa opera. Wafaransa wawili wakajaribu, wakafanikiwa. Mmoja wao, mwenye kibali cha mfalme, akaishia gerezani kwa madeni. Papo hapo Lully akagundua kwamba Kifaransa kinafaa sana. Akakichukua kile kibali, akaweka sheria kwamba hakuna mwingine nchini atakayeruhusiwa kufanya opera, na katika mwaka 1673 akaionesha dunia opera ya Kifaransa halisi. Alichofanya, alisema Bwana Pettifer huku macho yakimng'aa, ni kuondoa zile mbwembwe za Kitaliano, ile sauti inayojipinda na kuzunguka bila sababu, na kuacha mstari mmoja ulionyooka, safi, wa Kifaransa.

Avtar akanyoosha mkono. Alitaka kujua bwana huyo, alipofika kutoka Italia, alikaa kambini muda gani, kama tulivyowekwa sisi wa Uganda, kabla ya kupewa nyumba.

Bwana Pettifer akasema lilikuwa swali la kuvutia.

Sadru hakuuliza kitu. Alikaa mikono magotini, na vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vikitembea juu ya suruali. Bwana Pettifer alipotangaza kwamba mwisho wa mihadhara kutakuwa na onesho, kikundi chake cha fidla pamoja na mwimbaji mmoja wa kike, vile vidole vikasimama.

Akaenda kumwona baada ya chai. Nilisimama mlangoni na makoti, nikaona Bwana Pettifer akitikisa kichwa kwa huzuni nzuri, ya mtu aliyekwishaizoea. Sadru alinipa maneno ya Bwana Pettifer njiani. Alisema amefurahi mno. Alisema fidla ni chombo cha ulimwengu mzima. Lakini muziki huu hasa, alisema, mtu lazima awe amezaliwa ndani yake.

"Kama yule wa Florensi," alisema Avtar, aliyekuwa akitembea nyuma yetu.

Jumatatu mambo yakageuka. Mama mmoja wa kaunsili alipita kwenye mazoezi, akauliza mbona katika kikundi cha onesho la wageni hamna mgeni hata mmoja, na mpiga picha wa gazeti la mtaa ameshaalikwa. Bwana Pettifer akaja mwenyewe mpaka mlangoni kwetu, na skafu yake, akamwomba Sadru akae kiti cha nane, nyuma. Sadru alirudi sebuleni uso umemtakata kama wa bwana harusi. Nikampikia pilau. Nikamwambia jirani wa chini agonge anavyotaka.

Akaanza kwenda mazoezini kila alipotoka kiwandani. Nikawa nangoja aniimbie walichopiga, kama alivyokuwa akifanya Unguja, maana alikuwa hawezi kula kabla ya kuimba. Sasa alikuwa akila tu. Siku moja nilifungua mkoba wa fidla nimwekee kitambaa kisafi, nikasikia harufu ya sabuni ya kufulia. Kipande kilikuwa pale kwenye kishubaka cha ndani, ambapo hukaa ulimbo, ule utomvu mkavu anaopaka mpigaji kwenye nywele za upinde ili zikamate nyuzi. Bila ulimbo upinde unateleza tu. Na ukipaka sabuni, hata ukiusugua mpaka alfajiri, hautoi hata mlio wa panya.

Nikamuuliza. Hakunificha.

"Mama Zarina, tumekubaliana na Bwana Pettifer," alisema. "Nakaa, navuta upinde pamoja na wenzangu, juu wakienda juu, chini wakienda chini. Ila nisitoe sauti. Anasema mkono wangu unazungusha mno. Sabuni kanipa yeye. Anasema ndivyo wafanyavyo kwenye michezo ya kuigiza."

"Nawe ukasema nini?"

"Nikasema asante." Akakunja kile kitambaa kisafi, akakikunjua. "Kiti ni kiti."

Nilikuwa na majibu ya kujaza ndoo, lakini mtu ambaye ameshajimeza mwenyewe humsaidii kwa kumsukumia tonge jingine. Usiku ule niliteremsha kopo langu la vifungo. Ndani yake, toka Unguja, mlikuwa na kipande cha ulimbo alichopewa na mzee wa safu ya kwanza siku aliyokubaliwa kilabuni. Mimi ndiye niliyekipitisha Entebbe, katikati ya vifungo. Nikakitia kwenye mkoba wa fidla, katika kishubaka kilekile, kando ya sabuni. Sabuni sikuigusa, wala upinde sikuugusa. Nilifunga mkoba nikaenda kulala. Mkono ulikuwa wake, na kuchagua pia kulikuwa kwake.

Siku ya onesho ukumbi ulijaa pande mbili. Kulia walikaa Waingereza, wazee wengi, kila mmoja kamwachia mwenzake kiti kimoja kitupu katikati. Kushoto tulikaa sisi, wawili wawili kwenye kiti kimoja. Bi Ummukulthum alikuja na wanawake wenziwe wa Kizanzibari kutoka Woolwich na Tottenham, wamebadilisha treni na mabasi, wamejifukiza udi, wamevaa dhahabu chini ya makoti ya mitumba. Alikuwa amewaambia kuna taarabu ya Kifaransa na mtu wetu anapiga. Hakujua habari ya sabuni. Hakuna aliyejua, isipokuwa mimi na Bwana Pettifer na wale wapigaji saba.

Bwana Pettifer alitokea na gongo refu. Zamani, alitueleza, kiongozi wa wapigaji alikuwa akihesabu kwa kugonga gongo sakafuni, na Lully mwenyewe alijigonga mguu, kidonda kikaoza, akafa. Akaanza kugonga. Upande wetu wote ukawa unatazama miguu yake.

Wakapiga dansi mbili. Fidla nane zilikwenda juu, zikashuka chini, na mimi nikautazama ule upinde wa nyuma nisijue kitu. Fidla nane zikilia pamoja, nani atajua kama zinalia saba? Uso wa Sadru ulikuwa mtupu kama sahani iliyooshwa. Mpiga picha akapiga picha yake, hasa kiti cha nane, akaondoka. Kwa kaunsili, onesho lilikuwa limekwisha hapo.

Kisha mwimbaji akaja mbele, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, akaanza wimbo wa mungu mmoja wa kike aliyeachwa na mpenzi wake. Lugha hatukuielewa. Lakini kuachwa tunakuelewa. Bi Ummukulthum akaweka sweta chini. Akatikisa kichwa taratibu. Nikamwona anafungua mkoba, na moyo wangu ukajua kabla yangu mimi mwenyewe.

Kwetu, wimbo ukikuingia, hukai kitini ukasubiri mwisho upige makofi kama mtu anayefukuza kuku. Unasimama, unakwenda mbele kwa mwendo wa wimbo, noti umeiinua juu watu waione, unamtunza aliyekugusa. Ndiyo heshima. Anayebaki kitini ni yule ambaye hakusikia kitu. Na mwenye kutunzwa hanyamazi: humwitikia mtunzaji kwa chombo chake au kwa koo lake. Kunyamaza ni kumtupia heshima yake chini.

Bi Ummukulthum akasimama. Akaenda kwa madaha, bega hili, bega lile, noti juu. Mwimbaji akamwona anakuja, akazidi kuimba, kwa hofu nadhani. Bi Ummukulthum akamtabasamia, akampita, akapita fidla ya kwanza, ya pili, akaenda mpaka nyuma kabisa, akaichomeka noti kwenye kola ya Sadru. Baadaye nilipomuuliza kwa nini hakumtunza mwimbaji, alinishangaa. "Mwimbaji ana sauti, lakini simjui," alisema. "Sadru ni wetu."

Wanawake wa Woolwich wakamfuata, kisha wa Tottenham. Avtar naye akaenda, kilemba kimesimama, akicheza bhangra, ngoma ya kwao, kidogo kwa kuwa hakujua mwendo mwingine. Waingereza wakatazamana. Nadhani walidhani ni mchango wa kuezeka paa la kanisa, kwa sababu mzee mmoja alisimama, akajipapasa mfukoni, akaenda kusimama nyuma ya Avtar. Mwingine akaja nyuma ya mzee. Kabla gongo halijagonga mara nyingine, upande wa kulia wote ulikuwa umepanga foleni, imenyooka, safi, bila mbwembwe, na kila aliyefika mbele aliweka sarafu miguuni mwa mwimbaji akasema samahani.

Gongo likanyamaza. Fidla moja moja zikanyamaza. Mwimbaji akamalizia neno lake peke yake, akafunga mdomo. Ukumbi mzima ukawa unamtazama mtu wa kiti cha nane, noti zimemjaa kifuani kama majani.

Bi Ummukulthum alikuwa bado amesimama mbele yake, anangoja jibu.

Mimi niliangalia upinde. Kama una sabuni, basi atauvuta, na watu wake wote watasikia jinsi alivyo kimya. Sadru akanitafuta kwa macho akaniona. Akaweka fidla begani, akavuta.

Mlio wa kwanza ulikuwa mbaya. Sitaki kudanganya; ulikuwa mlio wa mlango wa choo. Lakini ulikuwa mlio. Wa pili ukapata mahali pake. Akaanza ile dansi ya Kifaransa waliyotoka kuipiga, ule mstari safi ulionyooka, akaupeleka hatua tatu, kisha mkono wake ukafanya ulichozuiwa: ukazungusha. Ukapanda, ukajipinda, ukashuka kwa ngazi za nyuma za Unguja, ukapotea njia mahali fulani, ukarudi. Bi Ummukulthum akapiga kigelegele, wenziwe wakampokea. Mwimbaji, ambaye hakuwa mjinga, akaanza kutabasamu. Wazee wa kwenye foleni walisimama palepale na sarafu zao, hawajui kama adabu ni kusonga mbele au kurudi.

Haikufika hata dakika tatu. Alimaliza, akamwinamishia Bi Ummukulthum kichwa, akakaa.

Bwana Pettifer alinikuta kwenye meza ya chai. Hakuwa amekasirika. Alikuwa ameumia, na kwao hilo ni zito zaidi.

"Bibi," alisema, "hicho alichokipiga mumeo ndicho hasa ambacho Wafaransa walikuwa wakijaribu kukiondoa."

Nikamjibu kwamba kumbe hawakukiondoa vizuri. Nikampa chai. Alisema pia kwamba katika majira ya kuchipua kikundi kitakuwa na fidla za kutosha. Nilijua atasema hivyo, na Sadru, alivyokuja kunieleza, alijua tangu asubuhi, alipokuwa anafuta sabuni kwa spiriti ya kidonda bafuni, mlango kaufunga kwa komeo. Na ndivyo ilivyokuwa. Hakuitwa tena. Picha ya gazeti ilitoka, na chini yake waliandika kwamba wageni wanajifunza haraka.

Tulirudi na basi la namba kumi na nane, orofa ya juu, mbele kabisa. Zarina alikuwa amelala mapajani mwangu. Sadru alishika mkoba wa fidla kwa mikono miwili kama alivyoushika Entebbe. Tulipokaribia kituo chetu ndipo akasema.

"Nilitoka nje ya sauti?"

"Mbali."

"Mbali kiasi gani?"

"Kama Kampala."

Akacheka mpaka mtu wa nyuma akakohoa. Kisha akatazama taa za barabarani. "Lakini walisikia," alisema.

"Mpaka jirani wa chini."

Baada ya hapo alipiga kwenye harusi za wanawake wa Tottenham, na Woolwich, na mahali popote Bi Ummukulthum alipomtuma, mpaka mwaka huu, vidole vilipokataa, na kisha yeye mwenyewe. Juzi, baada ya arobaini, nilishusha mkoba kutoka juu ya kabati. Ulimbo umelika katikati, umebaki mwembamba kama ukucha. Kando yake ipo ile sabuni, imepasuka kwa ukavu, na juu yake kuna alama za nywele za upinde. Hakuitupa. Sikumuuliza kwa nini, na sasa sina wa kumuuliza.

Ulimbo nimeurudisha kwenye kopo la vifungo. Sabuni nimeilowesha, nikafulia kola za mashati yake kabla ya kuyagawa. Ilitoa povu vizuri tu.